Nusu kaputi au sindano ya mgongo? Tunausoma utafiti wa REGAIN tukiwa Mwera

Msomaji, hebu tuanzie Mwera, wilayani Pangani, ng'ambo ya mto. Masika moja bibi yangu aliteleza uani usiku akienda chooni, akavunjika nyonga. Hospitali aliyotibiwa siitaji, maana kisa chenyewe si cha hospitali moja. Aliporudi nyumbani nilikaa naye barazani nikamuuliza operesheni ilikuwaje. Akanijibu, "Operesheni wala sikuiona, mume wangu. Kukalishwa ndiko kulikotaka kuniua."

Kukalishwa kwenyewe ni hivi. Ili upigwe sindano ya ganzi ya mgongo, mara nyingi unakalishwa ukingoni mwa kitanda, unakumbatia mto, unaukunja mgongo kama kamba wa baharini, na mtu anakushika mabega usitikisike. Kwa mtu ambaye mifupa yake ni mizima, huo ni usumbufu wa dakika chache. Kwa mtu aliyekatika nyonga, ni kukalia jeraha.

Sentensi ile ya bibi ilinirudisha kwenye makala moja maarufu ambayo sisi wanafunzi wa uzamili tuliisoma, tukaisifu, tukaendelea na mambo mengine. Leo nataka tuisome upya, wewe na mimi. Ni utafiti mzuri, hilo nalisema mapema. Ila nadhani tunaubebesha mzigo ambao haukuumbiwa.

Utafiti ulifanya nini

Unaitwa REGAIN. Ulichapishwa Oktoba 2021 katika jarida la New England Journal of Medicine, ukiongozwa na Mark Neuman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Waliingia wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga, wenye miaka 50 na kuendelea (wastani wao miaka 78), katika hospitali 46 za Marekani na Kanada. Nani apigwe sindano ya mgongo na nani alazwe usingizi kabisa, yaani ile tunayoiita mtaani nusu kaputi, iliamuliwa kwa bahati nasibu. Hilo ndilo linaloupa utafiti nguvu: daktari hawezi kuwapeleka wale dhaifu upande mmoja na wenye nguvu upande mwingine.

Baada ya siku 60 wakahesabu: nani amefariki, au hawezi kutembea mita 3 bila mtu wa kumsaidia, hata akiwa na mkongojo? Waliopigwa sindano ya mgongo walikuwa asilimia 18.5. Waliolazwa usingizi, asilimia 18.0. Sawa kwa sawa. Na kuweweseka, ile hali ya mzee kuchanganyikiwa ghafla baada ya upasuaji, ilikuwa asilimia 20.5 kwa 19.7. Sawa tena. Muda mfupi baadaye utafiti wa China uitwao RAGA, wenye wagonjwa 950 wa miaka 65 na zaidi, ukaleta jibu linalofanana: ganzi haikuwakinga wazee na kuweweseka kuliko usingizi.

Kwa nini hili lilikuwa jambo kubwa? Kwa sababu kwa miaka mingi iliaminika kwamba kwa mzee, mgongo daima ni salama zaidi. Na imani hiyo haikutoka hewani. Ganzi ya mgongo ina historia ndefu na mifupa: mwaka 1898 huko Kiel, Ujerumani, August Bier aliitumia kwa mara ya kwanza kumfanyia mgonjwa upasuaji wa kifundo cha mguu kilicholiwa na kifua kikuu. Kisha yeye na msaidizi wake Hildebrandt wakajaribiana wenyewe. Hildebrandt alipigwa nyundo ya chuma kwenye ugoko, hakusikia kitu. Maumivu ya kichwa yaliyowapata baadaye waliyasikia vizuri tu.

REGAIN ikaja kusema: jamani, mkifanya vizuri yoyote kati ya hizi mbili, matokeo makubwa yanafanana. Kwa hospitali yenye mtaalamu mmoja wa usingizi na mtungi wa oksijeni unaosuasua, hiyo ni habari ya kupumulia. Tumia njia unayoijua na unayoiweza. Mpaka hapo sina ugomvi.

Kosa la kwanza: mita 3 ni za wapi?

Kila utafiti unachagua cha kupima, na kwenye uchaguzi huo ndipo mhakiki anapaswa kuchungulia. Mita 3 ndani ya nyumba ya Philadelphia zinakutoa kitandani hadi bafuni, ukakaa kwenye choo cha kukalia. Kule kwetu Mwera, kwa nyumba nyingi, mita 3 zinakufikisha mlangoni. Choo kiko uani, na ni cha kuchuchumaa. Mzee anaweza kuhesabiwa "amefaulu" katika jedwali la REGAIN na bado akabebwa na wajukuu kila anapotaka kujisaidia.

Sisemi wangepima kuchuchumaa huko Kanada. Nasema sisi tunaoibeba ile asilimia 18 na kuileta huku tumesahau kuuliza inahesabu nini.

Na kuna la pili. Wagonjwa zaidi ya 22,000 walichunguzwa ili kupata hao 1,600. Wengine hawakustahili kwa sababu za kitabibu, wengine walikataa. Na kati ya waliopangiwa sindano ya mgongo, asilimia 15 waliishia kulazwa usingizi. Watafiti wenyewe waliyaandika haya waziwazi, hawakuficha. Sisi wasomaji ndio tunaosoma muhtasari na kufunga ukurasa.

Kosa la pili: saa inaanza kuhesabiwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji

Hapa ndipo penye ugomvi wangu hasa. Swali la REGAIN linaanzia pale mgonjwa anapoingia chumba cha upasuaji. Lakini maumivu ya bibi yalianza uani, saa nane za usiku, kwenye tope.

Mwaka 2020 utafiti mwingine, HIP ATTACK, wenye wagonjwa 2,970 katika nchi 17, uliuliza kama kuharakisha upasuaji kunasaidia. Kundi la haraka lilifanyiwa upasuaji kwa wastani wa saa 6 tangu ugonjwa utambuliwe. Kundi la kawaida, saa 24. Vifo havikutofautiana kwa maana (asilimia 9 kwa 10), ila walioharakishwa waliweweseka kidogo kuliko wenzao. Sasa angalia hapo msomaji: wale waliocheleweshwa ndio saa 24! Bibi alisubiri siku 9. Kwanza kumvusha mto, kisha picha ya eksirei, kisha ndugu kuchangishana pesa za vyuma, kisha zamu ya chumba cha upasuaji, maana akina mama wa kujifungua walikuwa wanampita kila siku, na hakuna mwenye akili angewazuia.

Siku 9 hizo hazimo katika REGAIN. Ni kama kuhakiki safari ya dau kwa kuangalia namna nanga ilivyotiwa.

Na ile dakika ya kukalishwa je? Ganzi yenyewe inaondoa maumivu, lakini ili uipate lazima kwanza upite kwenye maumivu makali kuliko yote. Kuna dawa ya hilo, wala si ya ajabu. Inaitwa ganzi ya kinena: sindano inapitishwa juu ya paja, chini kidogo ya kinena, dawa inawekwa chini ya utando unaofunika misuli ya nyonga, inasambaa na kuufikia mshipa wa fahamu wa paja. Anayejua hata bila mashine ya altrasaundi anausikia mkono ukipenya tabaka mbili, tap, tap, kisha anasukuma dawa. Dawa zenyewe, bupivakaini au lignokaini, ni zilezile ambazo hospitali nyingi huwa nazo kwa upasuaji wa uzazi na kushona vidonda.

Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2020 ulikusanya majaribio 49 ya ganzi za namna hii kwa waliovunjika nyonga. Maumivu ya kusogezwa yalipungua ndani ya dakika 30. Kuweweseka kulipungua. Wagonjwa waliamka kitandani mapema zaidi. Linganisha na lile swali la mgongo au nusu kaputi, ambalo jibu lake ni "hakuna tofauti". Hapa tofauti ipo, na inaonekana. Halafu jiulize ni lipi kati ya mawili haya tunalibishania zaidi darasani.

Nisije nikaeleweka vibaya. Ganzi ya kinena si maji ya kunywa. Dawa ikiingia kwenye damu mgonjwa anaweza kupata degedege na moyo ukayumba, kwa hiyo inataka mtu aliyefunzwa, kipimo sahihi kwa uzito, na vifaa vya kuokoa maisha karibu. Katika wilaya zetu kazi ya usingizi kwa sehemu kubwa inafanywa na wauguzi na matabibu waliosomea fani hiyo, si madaktari bingwa. Hao ndio wa kufundishwa. Na wanafundishika, maana ndio haohao wanaopiga sindano za mgongo usiku wa manane mama anapokwama kujifungua.

Kosa la tatu: tunaogopa dawa kuliko maumivu

Mwili wa mzee haufanani na wa kijana, na hili ni sayansi tupu. Figo zinachuja polepole, kwa hiyo dawa inakaa mwilini. Misuli imepungua, mafuta yameongezeka sehemu, kwa hiyo dawa inagawanyika kwa namna nyingine. Mishipa ya damu imekakamaa, kwa hiyo ganzi ya mgongo inaweza kushusha presha ghafla. Ubongo nao unalala upesi: kiasi cha gesi ya usingizi kinachohitajika hupungua kwa takriban asilimia 6 kila miaka 10 baada ya umri wa miaka 40.

Kutokana na haya mtu anahitimisha: mzee, usimpe dawa kali, atachanganyikiwa. Nusu ya hitimisho hilo ni kweli. Nusu nyingine imewatesa wengi. Mwaka 2003 R. Sean Morrison na wenzake huko New York waliwafuatilia wagonjwa 541 wa nyonga. Wale waliokuwa na akili timamu lakini maumivu yao hayakutibiwa vya kutosha waliweweseka mara 9 zaidi ya wale waliotibiwa vizuri. Na waliopewa mofini kidogo mno ndio waliochanganyikiwa zaidi. Dawa moja iliyoonekana kuwa na hatari yake yenyewe ni pethidini, ambayo kwa wazee ni ya kuepuka.

Huu haukuwa utafiti wa bahati nasibu, kwa hiyo usiuchukue kama hukumu ya mwisho. Inawezekana waliokuwa wanaelekea kuchanganyikiwa ndio walioshindwa kuomba dawa. Lakini hata hivyo unatikisa ile tabia ya kumpa mzee parasetamoli peke yake na kumtakia subira.

Usiku wa nne bibi alianza kumwita kaka yake aliyefariki zamani. Akang'oa mpira wa dripu. Shangazi akasema ni majini ya uani, akataka aitwe mtu wa kusoma. Mimi nilikuwa nimeshasoma neno la kitabuni la hali ile, na bado sikujiuliza swali la kwanza: mguu unamuuma kiasi gani?

Mbadala tunaoukimbilia sisi ni sindano ya diklofenaki. Kwa mzee mwenye presha, figo zilizochoka na tumbo tupu, hiyo ndiyo ya kuogopwa kwelikweli. Mofini kwa kipimo kidogo, ikianza taratibu, mgonjwa akiangaliwa anavyopumua na akipewa dawa ya kulainisha choo, mara nyingi ni rafiki zaidi. Ila iko wapi? Tume ya jarida la Lancet ya mwaka 2017 ilikokotoa kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini, kundi ambalo Tanzania ilikuwemo wakati huo, zinapata tani 0.1 tu. Rudia kusoma namba hiyo.

Na haishindikani. Uganda, baada ya kazi iliyoanzishwa na Hospice Africa Uganda mwaka 1993, ilibadili kanuni mwaka 2004 ili wauguzi na matabibu waliofunzwa tiba shufaa waandike mofini ya maji. Kwetu Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa ikitengeneza mofini ya kunywa. Tatizo, kwa maoni yangu, ni kwamba vichwani mwetu mofini imekuwa dawa ya saratani na ya kufa. Mfupa uliovunjika hauna saratani, kwa hiyo unaambiwa usubiri.

Hata Marekani yenyewe haijafaulu hapa. Mwaka 2022 timu ileile ya REGAIN ilichapisha takwimu za maumivu. Katika saa 24 za kwanza baada ya upasuaji, maumivu makali kuliko yote yalikuwa 7.9 kati ya 10 kwa waliopigwa sindano ya mgongo, na 7.6 kwa waliolazwa. Vichwa vya habari vilihusu ile tofauti ndogo, kwamba mgongo uliuma zaidi kidogo. Mimi nasoma kitu kingine: makundi yote mawili yaligusa karibu 8! Katika hospitali zenye kila kitu! Kwangu hilo ndilo lilistahili kuwa kichwa cha habari.

Tusiwalaumu wenzetu tu

Ukigeukia takwimu za Afrika, mzee haonekani kabisa. Utafiti mkubwa wa matokeo ya upasuaji barani, uliotoka katika Lancet mwaka 2018, ulikuwa na wagonjwa 11,422 kutoka hospitali 247 za nchi 25. Umetufundisha mengi, likiwemo hili zito: vifo baada ya upasuaji ni mara 2 ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu ni vijana. Wastani wa umri ulikuwa miaka 38.5. Bibi wa Mwera hayumo humo.

Mwaka 2015 Tume ya Lancet ya upasuaji duniani ilichagua operesheni 3 za kupimia uwezo wa hospitali: kujifungua kwa upasuaji, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi. Zina mantiki yake. Lakini nyonga ya mzee inavunjika ndani kwa ndani, ngozi nzima. Haimo katika orodha. Tanzania ilizindua mpango wake wa taifa wa upasuaji, uzazi na usingizi wa 2018 hadi 2025, hatua ambayo nchi nyingi hazijaifikia, na tuipongeze. Ila kisichohesabiwa ni rahisi kusahauliwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na hospitalini tunaona madirisha ya wazee. Dirisha linamwahisha kumwona daktari. Halimwahishi kupata ganzi.

Tatizo la "sijambo"

La mwisho ni la lugha, na hapa hatuwezi kumsingizia Mmarekani. Kila asubuhi muuguzi alipita: "Shikamoo bibi, umeamkaje?" Naye, kitanda kikiwa kimelowa jasho la maumivu, anajibu: "Marahaba mwanangu, sijambo, alhamdulillahi." Muuguzi anaandika, anaendelea. Hakuna aliyekosea. Ile ilikuwa salamu, na salamu ina majibu yake. Mtu mzima wa pwani hamwambii mtoto wa mwenzie, tena mbele za watu, kwamba anaumwa mpaka anataka kulia.

Ndiyo maana kipimo cha maumivu lazima kitenganishwe na salamu. Watoa tiba shufaa wengi hutumia mkono: ngumi iliyofumbwa ni hakuna maumivu, vidole 5 ni maumivu yasiyovumilika. Na uulize mara mbili: akiwa ametulia, na akigeuzwa. Nyonga iliyovunjika ikitulia inaweza kuwa kidole kimoja. Ikigeuzwa, mkono mzima unafunguka.

Basi siku mzee wako akivunjika nyonga, usiende kubishana na mtaalamu wa usingizi kuhusu mgongo au nusu kaputi. Hilo anajua yeye, na REGAIN inamuunga mkono kuchagua. Muulize mengine, kwa adabu: Atapewa nini kabla hajageuzwa au kukalishwa? Upasuaji ni lini, na kinachokwamisha ni nini? Lini ataanza kukalishwa na kusimamishwa baada ya hapo? Mtajie dawa zote anazotumia nyumbani, za presha, za sukari, za kulainisha damu, na miti shamba usiifiche. Usimpenyezee diklofenaki ya dukani. Mpelekee miwani yake, akae naye mtu anayemjua, mchana dirisha liwe wazi, usiku taa ipunguzwe. Akianza kuweweseka, mwite muuguzi kwanza, kisha uulize maumivu.

Bibi anatembea sasa kwa mkongojo, kutoka chumbani hadi barazani. Nimepima, ni mita 7. Kwa REGAIN amefaulu. Chooni bado anasindikizwa, na hilo halipendi hata kulisikia likitajwa. Juzi nilimuonyesha ule mkono, nikamuuliza siku ile ya kukalishwa ingekuwa vidole vingapi. Akaitazama mikono yake yote miwili, akaifungua yote.